Utetezi wa Dunguni

Sista Zuena alikuwa na stashahada ya uuguzi, leseni halali na miaka kumi na minne ya kazi katika zahanati ya Ruwande, bondeni kusini mwa Kibiti, na katika miaka yote hiyo mdomo wake haukuwahi kwenda likizo. Hodari alikuwa hodari, hilo halina ubishi. Mtoto aliyegoma kutoka kwa wakunga watatu alitoka kwa Zuena. Lakini akikuuliza kadi yako ya kliniki iko wapi, ukoo wako mzima unakuwa umeshatajwa kabla hujaifungua khanga kuitoa.

Sasa fikiria ilivyomchoma siku alipokuja binti mmoja kutoka wilayani kukagua, binti wa juzi, viatu vyake havijawahi kuonja tope, akamshika mkono Zuena kumwonyesha namna ya kujaza fomu ya uzazi. Binti alikuwa na digrii. Zuena hakujibu neno, jambo lililowatia hofu wote waliokuwapo, na wiki ile ile akajiandikisha kusoma shahada ya uuguzi kwa mtandao, katika chuo kimoja cha mjini kilichotangaza kwamba muuguzi anaweza kusoma huku anafanya kazi, popote alipo. Ulikuwa mwaka elfu mbili na kumi. Biashara ilikuwa imefunguliwa milango, kampuni za simu zinapigana vikumbo kusimika minara, na wananchi wanaahidiwa kila kitu, popote walipo.

Mtandao wa Ruwande, hata hivyo, ulikuwa na makazi yake maalumu. Ulikaa juu ya dungu la Bi Mwanajuma na si kwingine. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu katikati ya mpunga, na watu wa bondeni huhamia humo msimu mzima ili waamie ndege wanaokula mpunga na kufukuza nguruwe. Madungu yalikuwa arobaini na zaidi, lakini ukichomeka modemu kwenye la Bi Mwanajuma tu ndipo taa ilipowaka buluu. Hakuna aliyejua sababu. Mwenyewe alisema nguzo zake ni mikoko ya kweli, si miti ya wavivu.

Bi Mwanajuma hakumnyima nafasi. Sharti lilikuwa moja, wala hakulitunga yeye: anayekaa dunguni ndiye mwamiaji. Ukishapanda ile ngazi, uwe sista, uwe shehe, kamba ya makopo ni yako. Makopo yalitundikwa shamba zima, yametiwa kokoto, na kamba moja iliyaunganisha mpaka dunguni. Ukiivuta yote yanapiga kelele na kwelea kwelea wanakwenda kumsumbua jirani. Basi kwa miaka mitatu Zuena alisoma takwimu, uongozi na maadili ya uuguzi mkono mmoja kwenye kompyuta na mwingine kwenye kamba. Kazi yake moja ya maadili ilirudi na alama tisini na mbili, na siku aliyoiandika alikuwa amefukuza makundi kumi na saba ya ndege.

Ulibaki utetezi wa utafiti. Walimu watamwona kwenye kompyuta, sura kwa sura, naye atasema alichokigundua na kujibu maswali yao. Akipita, amemaliza, digrii mkononi. Akishindwa, anarudia mwaka mzima, na binti wa wilayani alikuwa ameshatuma taarifa kwamba atakuja tena mwezi wa saba.

Zuena hakuwa na wasiwasi, maana utafiti wake ulikuwa umenyooka. Ulihusu kwa nini wanawake wa bonde hawaji kujifungulia zahanati. Aliwahoji sitini. Aliwahoji Jumanne, siku ya kliniki, kwenye benchi la kliniki, yeye kavaa sare nyeupe na saa kifuani, karatasi ya maswali kwenye mapaja. Anasoma swali, anasoma majibu, kisha anamtazama mama. Wanawake wa Ruwande wamelelewa vizuri. Mtu mwenye heshima zake akikuuliza jambo kwa uso ule, unatafuta jibu litakalomfurahisha, unampa, unakwenda zako. Jibu la kwanza kwenye karatasi lilikuwa umbali, na arobaini na mmoja walijibu umbali. La pili lilikuwa kukosa elimu, na kumi na tisa, kwa kuwa walishasikia la kwanza limechukuliwa sana, wakajibu kukosa elimu. Zuena alichora duara lenye rangi mbili akalitazama kwa mapenzi.

Alhamisi ya utetezi, mwezi wa tano, mpunga ukiwa umeshainama, alipanda dunguni saa tatu na nusu. Juu alivaa sare iliyopigwa pasi, chini khanga, kwa sababu kompyuta haitazami chini. Kamba aliifunga kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, mikono ibaki huru kwa ajili ya elimu. Bi Mwanajuma alikuwa amehamia dungu la jirani kwa Sikujua, binti wa ndugu yake, aliyekuwa na mimba ya miezi minane na hana wa kumsaidia kuamia. Ukitoka dungu hili hadi lile ni kama hatua sitini.

"Sista Zuena, unatusikia?" Aliyesema alikuwa Dokta Yasmini, mwenyekiti wa walimu watatu waliokaa kumsikiliza, mama mpole mwenye miwani.

"Nakusikia, daktari."

"Sisi hatukusikii. Paza sauti kidogo."

Basi akapaza, na kupaza sauti ndiyo kazi Mungu aliyomjalia. Hapo alisahau jambo ambalo hata mtoto wa bondeni analijua. Dunguni hakuna siri. Watu huzungumza dungu kwa dungu, shamba kwa shamba, na neno likishatamkwa kwa sauti huko juu ni la wote. Mwenye jibu analijibu, aliyekaa kimya ndiye anayeonekana hana adabu.

Alianza vizuri. Alitaja lengo, alitaja mbinu, na kila alipotaja kitu ndege walishuka, kidole kikavuta, makopo yakalia shamba zima.

"Samahani," akasema Dokta Yasmini, "hiyo ni kelele gani?"

"Mazingira ya utafiti, daktari."

Walimu wakaandika. Zuena akaona amejibu kisomi, akapanda mori. Akapaza zaidi. "Matokeo yanaonyesha kwamba asilimia sitini na nane ya wanawake wa bonde hili hawaji kujifungulia zahanati kwa sababu ya umbali."

Kule jirani mtu akacheka. Kisha sauti ya Bi Mwanajuma ikaja juu ya mpunga, haina haraka. "Umbali upi, sista? Bati la zahanati miye naliona hapa nilipo. Hata nguo zako ulizoanika naziona."

Zuena alijifanya hakusikia. "Asilimia iliyobaki ni kwa kukosa elimu."

"Ati elimu," akajibu mwanamume mmoja dungu la tatu, Mshamu, ambaye hakuwa na habari ya jambo lenyewe lakini ni mtu mwenye adabu zake. "Kuzaa kwataka cheti siku hizi?"

"Sista Zuena," akasema Dokta Yasmini, na sasa alikuwa amevua miwani, "ni nani hao wanaozungumza?"

"Ni jamii, daktari."

"Jamii uliyoihoji?"

Ilikuwa jamii aliyoihoji, hilo ndilo lililomtoa jasho. Akageuka, akapaza sauti kuelekea jirani, akisahau kwamba kompyuta nayo ina masikio. "Sikujua, nimekuhoji weye mwenyewe. Umesema umbali. Karatasi yako ninayo."

Sikujua alikuwa mwanamke wa maneno machache. Zahanati hakuwahi kusema zaidi ya ndiyo sista na asante sista. Lakini sasa alikuwa dunguni kwake, miguu imevimba, na ameulizwa mbele ya bonde zima. Akamwaga mtama penye kuku wengi.

"Nilisema umbali kwa kuwa ndilo ulilosoma kwanza," alisema. "Mwaka juzi nilikuja na uchungu wangu, asubuhi, watu wamejaa. Ukaniuliza beseni la kujifungulia liko wapi. Nikakwambia nimesahau. Ukasema sikusahau kubeba mimba lakini beseni nimesahau. Wakacheka mpaka wanaume. Nikakwambia nakwenda kulifuata."

"Ukatoroka," akasema Zuena.

"Nikaja kuzaa hapa, peke yangu. Mtoto ni huyu, anakula embe bichi."

Zuena alilikumbuka beseni, na vicheko alivikumbuka, kwa sababu siku ile alijiona ana utani mzuri. Kwenye daftari la uzazi alikuwa ameandika neno moja, ametoroka, akageuza ukurasa. Sasa uso ulimwaka kwa aibu mpaka akahisi watu wa mjini wanaona joto lake.

"Na wengine je?" akauliza Dokta Yasmini, taratibu.

"Wengine wakupe majina?" Bi Mwanajuma alikuwa ameisikia sauti ya kompyuta, au amebahatisha. "Humu madunguni wapo kumi na zaidi. Mkono wake tunautaka sote, mwanangu. Mdomo wake ndio unaotufukuza. Sema tu, sista, mficha uchi hazai."

Mkono wa Zuena ulikuwa umeshafika kwenye modemu. Angeichomoa, angesema mtandao umekatika, na nani angemshangaa? Kwa miaka mitatu ulikuwa ukikatika kwenye mitihani, kwenye mihadhara, hata kwenye dua ya kufungua muhula. Walimu wangempangia siku nyingine, naye angechagua siku isiyo na majirani. Siku hiyo, kwa ukaidi, taa ilisimama buluu bila kupepesa. Aliigusa. Aliifikiria mwezi wa saba na binti wa wilayani na fomu yake. Ndege walikuwa wameshuka kwa mamia, wanakula, na kidole chake hakikuvuta.

"Sista Zuena," akasema Dokta Yasmini, "haya tunayoyasikia yamo kwenye matokeo yako?"

"Hayamo."

"Kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu apande, Zuena alisema kwa sauti ndogo, na mjini wakamsikia vizuri. "Kwa sababu aliyeuliza ni mimi."

Walimu wakatazamana. Wakazima sauti kule mjini, wakazungumza dakika chache, midomo inacheza bila maneno, kisha sauti ikarudi. Hakufaulu. Dokta Yasmini alimweleza bila kuzungusha: takwimu zile hazifai, mwaka utarudiwa, watu waulizwe upya na mahali pengine. Akaongeza kwamba jibu lake la mwisho lilikuwa la mtafiti, lakini halikutosha kumpitisha. Zuena akashukuru, akafunga kompyuta, akafungua kamba kidoleni.

Aliteremka akavuka mpunga na sare yake, tope mpaka magotini, akapanda ngazi ya Sikujua akiwa ameshajaa hasira. Bi Mwanajuma alipomwona uso akakumbuka ana shughuli shambani kwake, akashuka kwa upande wa pili. Zuena akabaki na Sikujua na mtoto wa embe.

"Miezi yote hiyo," alianza, na sauti ikapanda yenyewe, "nimekuweka kitako nikakuuliza swali moja. Moja tu. Kwa nini hukuniambia? Mtu mzima, mama wa watoto, unakaa unanidanganya, hivi unajua umenifanya nini? Mwaka mzima, Sikujua, mwaka mzima unanirudisha nyuma kwa..."

"Sista," alisema Sikujua. "Hata sasa unanigombeza."

Zuena alifungua mdomo. Akaufunga. Alikaa kwenye mkeka, akakunja miguu yenye tope, akatafuta la kusema, na kila lililokuja lilikuwa la kugombeza, akalimeza moja baada ya jingine. Sikujua alivuta kamba yake ya makopo, ndege wakaruka, wakatua ng'ambo. Kisha, bila kuulizwa, Sikujua akaanza kueleza: anaogopa mimba hii, inalala vibaya, usiku haipumziki, na mama yake mzazi alikufa kwa mimba iliyolala hivyo hivyo, na amekuwa akitazama lile bati kila siku asijue aende au asiende. Alieleza polepole, anasimama, anaendelea. Zuena alikuwa na kalamu mfukoni wala hakuigusa. Katika miaka kumi na minne ya kazi, ndiyo kwanza alikuwa anamsikia mjamzito wa bondeni akisema mpaka akamaliza.