Chupa Niliyoiosha

Mimi nikiona chombo kina vumbi ndani, mkono wangu hauniulizi. Ndivyo ilivyokuwa Jumanne ile nilipokuta chupa ndogo juu ya meza, na ndani yake unga mweupe kidogo, kama chumvi iliyosahauliwa. Nikaifungua, nikaiosha kwa sabuni, nikaisuuza mara tatu, nikaifuta kwa pindo la aproni na kuirudisha palepale. Nikajiona nimefanya la maana.

Chupa ilikuwa ya bwana afya. Alikuwa amekuja kukagua chumba ambacho mjukuu wangu anataka kufungua mkahawa mdogo wa supu na mikate. Alipokuwa akitoa maelekezo, mimi nilikuwa nyuma nasugua sinki kwa nguvu zote, ili akifika huko akute linang'aa. Kwa hiyo maelekezo yalinipita.

Mjukuu huyu ni binti wa mwanangu wa pili. Tangu azaliwe tunaitana mke mwenza, kwa heshima ya marehemu babu yake, ambaye katika uhai wake hakufaidi zaidi ya mke mmoja. Miaka minne alikuwa akikanda unga kwenye kiwanda cha watu, na mwezi uliopita aliacha kazi ili ajaribu cha kwake. Chumba tulikipata kwa masharti. Mama mwenye nyumba alitupa ufunguo na kutuambia wazi, "Ijumaa saa sita mchana nataka kuiona leseni ya baraza kwa macho yangu. Msipokuwa nayo, fundi viatu anaingia. Na msininunie."

Jumatano asubuhi tulipitia chumbani, mjukuu wangu akajaza ile chupa maji ya bomba ya kupelekwa kupimwa na kunikabidhi niibebe kwenye kikapu. Saa mbili tulikuwa tumeshafika ofisi za baraza la mji, foleni imeshatoka nje ya mlango.

Ofisi zile zina ugonjwa wake. Ukikaa, unaona kama dirisha lako linafungwa. Ukisimama, mtu anachukua nafasi yako kwenye benchi. Mjukuu wangu alikwenda chumba cha pili kuchukua cheti chake cha afya, maana anayepika chakula cha watu lazima naye apimwe. Mimi nikabaki na kikapu mapajani. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa ukicheza wenyewe. Nilihesabu vigae vya sakafu mpaka ukutani, nikakuta vilivyovunjika ni kumi na vinne, nikahesabu tena vikawa kumi na sita.

Kando yangu alikaa muuza nyama, pande la mtu, mwenye sauti ya kuitia wateja. Aliponisalimia alinisogezea upande wa benchi usiopigwa jua, bila kuombwa. Kwenye goti lake alikuwa na karatasi zake pamoja na chupa kama yangu, ila yake bado tupu, na chini ule unga umetulia.

"Mwanangu," nikamwambia kwa sauti ya chini, nisimwaibishe, "chupa yako ina uchafu. Hukuiosha?"

Akanitazama kama nimemwambia akamwoshe ng'ombe meno. "Bibi, hii haioshwi! Huo unga wameuweka wenyewe watu wa maabara. Bwana afya aliniambia, hata nikiona mende anaogelea humo nisimguse. Ukiuondoa, kipimo kinasema uongo."

Nikafunika kikapu kwa khanga, kana kwamba chupa inaweza kuruka nje ikanishtaki.

Mara mjukuu wangu akarudi akipepea karatasi. "Mke mwenza! Cheti hiki hapa, kimepigwa mhuri. Bado maji tu!"

Muuza nyama akatutazama, yeye kisha mimi. "Kumbe mnaelewana hivi? Huyo bwana wenu anawapa nini?"

Siku nyingine ningemjibu. Siku hiyo nilimvuta mjukuu wangu pembeni, nikamweleza.

"Uliiosha?"

"Niliiosha."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni."

"Bibi!" Akiacha kuniita mke mwenza, najua mambo yameharibika. Akakaa, akasimama, akauma kucha. Kisha akaninong'oneza, "Tunyamaze. Nani alikuona? Maji ni yaleyale ya bomba. Tukisema, watatwambia tuje wiki ijayo, na fundi viatu jana nimemkuta anapima mlango."

Sitadanganya, nilitaka kukubali. Huyu ndiye aliyeacha kazi, na mimi ndiye niliyemharibia. Kunyamaza kulikuwa ndiyo njia fupi ya kumlipa. Lakini mguu ulikataa kutulia.

"Na kama bomba lina kasoro," nikamwuliza, "na chupa yangu ikasema halina? Hiyo supu utampa nani? Si watoto wa watu?"

Alinitazama kwa hasira mpaka hasira ikamwishia usoni, kisha akanishika mkono, tukaenda moja kwa moja dirisha la tatu, linalopokea chupa za maji. Foleni nzima ikaguna.

Dirishani alikuwapo mama mmoja wa miwani. Nilimweleza mwenyewe, maana kosa lilikuwa langu. Aliacha kuandika.

"Sabuni gani, bibi?"

"Ya mche."

"Basi una afadhali. Wiki iliyopita mmoja aliisuuza kwa dawa ya choo." Hakucheka kwa sauti, nami nilimshukuru kwa hilo. Alifungua droo, akatoa chupa mpya, akaikata namba ya zamani kwenye fomu na kuandika nyingine. Kisha akamgeukia mjukuu wangu. "Sanduku la maabara linaondoka saa sita kamili. Ukiliwahi, majibu ni Ijumaa asubuhi. Usipoliwahi, jingine ni Jumatatu. Sasa hivi ni saa tano na dakika tano. Kwako ni mbali?"

"Nusu saa kwa miguu."

"Basi unasimama hapa kufanya nini?"

Mjukuu wangu alikuwa amevaa viatu vya kwendea ofisini, vya kisigino. Muuza nyama, ambaye alikuwa ametega sikio muda wote, alivua kandambili zake na kumsukumia. "Chukua hizi. Ni kubwa kama mitumbwi, lakini zinajua mbio." Akabaki pekupeku kwenye vigae vya baridi.

Mjukuu wangu akatoka mbio na chupa mpya, nikasikia pa-pa-pa mpaka getini.

Hapo ndipo nilipojua kungoja ni kitu gani. Nilikwenda mlangoni, nikarudi. Nilimwuliza muuza nyama saa mara nyingi hadi akaivua saa yake na kunipa niishike. Saa tano na nusu. Saa tano na dakika hamsini. Akatokea mtu wa makamo, mfupi, akaweka lile sanduku la maabara, lenye barafu, juu ya meza ya dirisha la tatu, akapanga chupa za watu ndani, akalifunika na kulifunga kwa kamba.

"Baba," nikamwambia, "mjukuu wangu yuko njiani."

"Mimi gari linaningoja, mama."

Alikaza fundo, akalitazama. Kisha akalifungua, akalifunga upya, polepole. Akalitazama tena, akatikisa kichwa kana kwamba fundo ni baya, akalifungua. Hakuniangalia hata mara moja. Gari likapiga honi nje. Alikuwa kwenye fundo la nne niliposikia pa-pa-pa getini.

Mjukuu wangu aliingia ana kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Chupa ilikuwa kifuani, na ule unga ulikuwa umeyeyukia ndani ya maji. Mtu wa sanduku aliipokea, akaiweka kwenye barafu, akafunga fundo moja tu, la haraka, akaenda zake. Nilimkimbilia nimwambie ahsante, lakini miguu yangu si ya kukimbilia gari.

Ijumaa saa tatu mama wa miwani alitusomea majibu: maji ni salama. Leseni ikatoka saa nne na nusu. Mama mwenye nyumba aliisoma mbele na nyuma, akaipeleka kwenye mwanga, akasema, "Haya. Fundi viatu nitamwambia mwenyewe."

Leseni tumeitundika ukutani, pale bwana afya anapotaka. Juu ya sinki mjukuu wangu amebandika karatasi yake, ya herufi kubwa: MKE MWENZA, ULIZA KABLA YA KUOSHA.

Muuza nyama anakula kwetu, na kila akija anachungulia bakuli lake na kuuliza kama limeoshwa. Yule wa sanduku hajafika bado. Kila ninaposikia honi ya gari nje, mimi hutoka mlangoni kuangalia.