Mikono ya Msimu wa Korosho

"Kula basi, baba. Kidogo tu."

Mgeni, paka wake, akageuza uso. Mwanaamina akakiponda tena kile kipande cha samaki changu kwa vidole mpaka kikawa uji, akamsogezea mdomoni. Paka akakinusa, akalamba ncha ya kidole mara moja, akalaza kichwa kwenye gunia. Ilikuwa siku ya tano ya kukataa chakula.

Mgeni aliingia nyumba hii ya Ufukoni siku ya mvua, miaka kumi na mitatu iliyopita, akiwa anaenea kiganjani, na marehemu Abeid, mume wa Mwanaamina, akasema, "Mwacheni mgeni akauke." Abeid ametangulia mbele ya haki, Mgeni yupo. Tangu Ramadhani meno yalipoanza kumwisha, Mwanaamina alikuwa akimlisha kwa mkono wake, mapenzi ambayo watoto aliowazaa walidai hawajawahi kuyaona, na walimtania hivyo kwenye simu.

Alirudi kwenye kigoda barazani, akapaka majivu viganjani, akabangua korosho tatu, akainuka tena kwenda kumwangalia.

"Mama Warda, utanitia kizunguzungu," alisema Carlota, jirani aliyebangua naye kila msimu, mzaliwa wa ng'ambo ya Ruvuma. Kijiti chake cha kubangulia hakikusimama. "Paka keshazeeka huyo. Kwetu akikataa chakula tunamwacha aende zake kichakani."

"Hapa si kwenu, na huyu haendi kichakani."

"Haya. Mpe dagaa."

"Nimempa dagaa, nimempa maziwa, nimempa na maini ya kuku. Kila saa nampa!" Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Mgeni akiondoka, ndani ya nyumba ile hapatabaki wa kumwambia neno.

Akamtia kwenye kapu la ukili, akajitanda khanga, akashika njia ya kwa bwana mifugo. Wanaume wa kijiweni wakamuuliza kama anapeleka kuku mnadani. Akakaza mwendo.

"Shikamoo mama," alisema Danieli, bwana mifugo, bila kutazama kapu. "Mbuzi?"

"Marahaba. Paka."

Danieli alicheka, akaona uso wa mama, akaacha. Akampanua Mgeni kinywa kwa vidole viwili na kukimulika kwa tochi ya simu.

"Huyu njaa anayo, mama. Kinachomzuia ni mdomo. Tazama ulimi ulivyochubuka, na huku ndani ya midomo. Kama kaunguzwa. Nyumbani hakuna kitu kikali? Dawa ya wadudu?"

"Kwangu hakuna sumu," alijibu kwa hasira, akanyoosha mkono kumfuta paka udenda.

Mkono ukasimama njiani. Vidole vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha, ngozi ya vifundo imebanduka kwa mafuta makali ya maganda ya korosho. Mtoto gani wa Mtwara asiyejua kwamba ukiing'ata korosho mbichi na ganda lake midomo inababuka wiki nzima? Warda, mwanawe, alishachapwa kwa hilo, na aliyemchapa ni yeye. Majivu yanailinda ngozi ya mbanguaji kidogo. Sabuni haiondoi kitu. Na kila Mgeni alipokataa, yeye alizidisha, akipiga bismillahi kila tonge.

"Mama?"

"Ni mimi," alisema. "Ninayemuunguza ni mimi."

Danieli alimchoma paka sindano, kisha akasema taratibu, "Supu ya samaki ya vuguvugu, kwenye sahani. Usimguse mpaka mikono itakate. Na asipokula leo au kesho, mama, sikufichi."

Weusi ule wa mikononi hautoki mpaka ngozi yenyewe ibanduke. Wiki tatu, tangu siku unapoacha kubangua.

Alipofika barazani alimsukumia Carlota gunia lake la korosho. "Malizia wewe."

"Msimu ndio kwanza umeanza, Mama Warda!"

"Malizia."

Akasugua mikono kwa ndimu, akasugua kwa mchanga, akasugua kwa mafuta ya taa mpaka ikamuwasha. Ikabaki vilevile. Akachemsha supu, akaipoza, akaiweka kwenye sahani mbele ya gunia alikomlaza Mgeni. Kisha akaizungusha khanga kwenye viganja vyote viwili, akaifunga fundo kwa meno, akaketi sakafuni. Mikono isiyo na kazi ilimchezacheza mapajani.

Mgeni akajiinua. Akainusa supu, akaiacha, akajikokota mpaka mapajani kwa mama. Akalisukuma lile fundo kwa pua, akitafuta vidole.

"Kwenye sahani, baba."

Akalisukuma tena. Mwanaamina akairudisha mikono nyuma ya mgongo, akaikandamiza ukutani, machozi yakimtiririka bila wa kuyafuta.

"Kwenye sahani."

Paka akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akageuza shingo, polepole, kuelekea harufu ya samaki.