Jina Kwenye Orodha ya Majoho

Tangu saa moja asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mstari wa kumi na mbili, chini ya turubai. Sikuja kuona joho. Joho mjukuu wangu alilileta nyumbani juzi, nikalipiga pasi mwenyewe, nikalikagua mbele na nyuma. Nilikuja kusikia jina lake likiitwa.

Baba yake, mwanangu wa pekee, alisoma chuo hiki hiki miaka miwili, kisha figo zikamlaza. Kabla hajafariki aliniambia jina lake sitalisikia pale, ila la mtoto niende nikalisikie, maana lake litakuwa limefuatia. Na nyuma ya la mwanangu lipo la babu mtu, marehemu mume wangu. Wote watatu kwa pumzi moja.

Hotuba zilikuwa ndefu. Miguu ikaanza kuvimba. Jirani yangu, dereva mstaafu aliyekuja kwa ajili ya kitindamimba wake, alinisogezea begi lake niipumzishe, akasema kwa hotuba hizi hata gari lingekuwa limeshazima lenyewe. Kilipotajwa kitivo cha mjukuu wangu nikafungua kijitabu: majina mia nne na zaidi, na lake karibu na mwisho. Nikaona nina muda. Nikainama nivue kiatu cha kushoto, kilichonibana tangu asubuhi. Kifungo chake kilikuwa kigumu.

Nilipoinuka, wanafunzi walikuwa wanakaa.

"Ndiyo wanaanza kuita?" nikamuuliza dereva.

Akanitazama kwa huruma. "Imekwisha hiyo, mama. Siku hizi wanasimamishwa wote, wanatunukiwa kwa mkupuo."

Nilibaki na kiatu mkononi.

Mjukuu wangu alinifuata mbio, joho likipepea. "Mke mwenzangu, uliniona niliposimama?"

Nikamjibu nilimwona, alikuwa amenyooka kama mlingoti. Uongo ule ulinichosha kuliko kukaa kutwa nzima.

Majoho yalitakiwa kurudishwa siku hiyo hiyo, katika chumba kirefu nyuma ya maktaba. Karani alikuwa mwanamke wa makamo, sauti imemkauka. Aliita namba iliyoshonwa kwenye kola, akatia alama kwenye orodha, akalitupa joho kwenye rundo. Aliponiona nimeegemea ukuta alitoka kwenye kiti chake, akaniketisha kando ya meza, akaendelea na kazi kwa kusimama. Nadhani ni kile kiti kilichonipa ujasiri.

"Mia mbili kumi na saba," akaita.

Mjukuu wangu akasogea, joho amelikunja mkononi.

"Mwanangu," nikamwambia karani, "huyu naomba umwite kwa jina. Kule sikulisikia."

Mjukuu wangu akageuka kunitazama. Karani naye aliitazama foleni, iliyofika hadi nje ya mlango. Kisha akamwambia avae joho tena.

"Na kofia," akaongeza.

Akashika karatasi kwa mikono miwili, akakohoa, akayasoma majina yote matatu polepole, bila kumeza hata moja. Lilipotoka la mwanangu nilifumba macho, kwa hiyo la mume wangu nililisikia gizani. Nyuma kwenye foleni mtu akapiga makofi, na wengine wakamfuata ovyoovyo, mikono imejaa majoho.

Mjukuu wangu alipiga magoti mbele yangu na joho lake. Akakiona kiatu changu, kifungo bado kiko wazi.

"Kumbe hukuniona," akasema.

"Niliinama kidogo tu."

Akakifunga kiatu taratibu, tundu la mwisho la mkanda, lile lisilobana. Karani alisubiri mpaka akamaliza. Ndipo akanyoosha mkono kupokea joho, akatia alama, akaita mia mbili kumi na nane.