Bawa la Ciza

Katika shule ya bweni tuliyosomea, doyen, yaani mwanafunzi mkubwa aliyepewa mdogo wa kumwongoza, alikuwa wa kwanza kwa kila jambo. Alikuwa wa kwanza kuoga, wa kwanza kupakua maharagwe, wa kwanza kusema. Na mdogo wake, petit, hakumsahihisha mbele ya watu, hata kama doyen angetamka kwamba jua la Uvira huzama ziwani, ilhali huzama milimani. Mimi nilikuwa doyen wa Ciza. Wako wanaoicheka kanuni hiyo leo. Mimi siicheki; ilitufanya watu.

Kwa hiyo, asubuhi ile kwenye barabara ya Bwegera, hakuna aliyeuliza ni bawa la nani lingetangulia kujaribiwa.

Taasisi ya ufundi tuliyojiunga nayo baadaye, yenye karakana mtaani Songo, ilikuwa imeunda gari la mbio la formula, la kiti kimoja, kwa ajili ya mashindano ya vyuo vya ufundi huko Bujumbura. Injini ilikuwa ya pikipiki, na vyuo vingine vilikuwa na injini kama hiyo hiyo. Tofauti ingetoka kwenye hewa. Hewa ipitayo chini ya bawa la mbele hukimbia kuliko ile ipitayo juu, nalo bawa hunyonywa kuelekea lami, magurudumu yakashika barabara kwenye kona. Lakini hewa hiyo hiyo hulivuta gari nyuma. Tulikuwa na mabawa mawili, langu na la Ciza, yaliyokandamiza pua ya gari sawasawa. Lile lenye ukinzani mdogo zaidi ndilo lingekwenda Bujumbura, na aliyelichora angesimama mbele ya majaji kulieleza.

Nafasi hiyo niliitaka kuliko nilivyopata kutaka kitu kingine chochote. Langu nilikuwa nimelikokotoa mwaka mzima. Ciza aliingia timuni mvua zikikaribia kwisha, akauliza maswali mawili matatu, akacheka, kisha akachonga lake, jembamba, ncha zimejipinda kama jani la mgomba lililoanza kufunguka. Kila mgeni karakanani alilipita langu akaenda kulipapasa la kwake. Sabine, dereva wetu, hakuwahi kuligusa langu ila kwa kulifuta vumbi.

"Doyen, la kwako iko sawa," aliniambia siku moja. "Lakini la Ciza, mutu anataka alibebe nyumbani."

"Gari si pambo la sebuleni."

"Eh! Minye nimesema tu. Usinikule!"

Wivu wangu haukuwa na matusi wala fitina, sikulelewa hivyo. Ulikuwa wivu wa mtu anayeona kile alichokitafuta kwa jasho kikimjia mwenzake kama usingizi unavyomjia mtoto.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi. Sabine alilikimbiza gari kuelekea ziwani, kwa kasi ile ile kila mara. Alipofika kwenye alama ya chokaa alizima injini, akaliacha liserereke mpaka lisimame lenyewe. Lisererekalo mbali ndilo lisilozuiwa sana na hewa. Mabawa yote mawili tuliyapaka mawese yaliyochanganywa na mafuta ya taa na unga wa makaa, ili hewa iache nyayo zake.

Bawa langu, bawa la doyen, lilijaribiwa asubuhi. Gari lilivuka daraja dogo la mfereji wa mpunga, likaendelea, watu wakapiga vigelegele. Kubadilisha mabawa kulichukua muda, kisha tukala. La Ciza lilijaribiwa baada ya chakula. Halikulifikia hata daraja.

Injinia Bonaventure, mkuu wa taasisi, hakuhitaji hotuba. "Jean-Berchmans, Bujumbura ni yako."

Ciza alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama tulivyofunzwa bwenini, akanipongeza. "Félicitations, doyen."

Nilikuwa bado ninaionja furaha hiyo nilipoinama kulifungua bawa lake. Mawese yalikuwa yamenyooka kwa michirizi myembamba toka mbele mpaka ukingo wa nyuma, kama nywele zilizochanwa. Niliyatazama ya langu. Michirizi iliishia katikati. Nyuma yake mafuta yalikuwa yamejikusanya madoa madoa, mahali ambapo hewa ilikuwa imebanduka na kuanza kuzunguka bila mwelekeo. Bawa la namna hiyo haliwezi kuwa na ukinzani mdogo. Haliwezi.

Niliinua macho. Wakulima walikuwa wakichoma mabua ya mpunga. Asubuhi moshi ule ulikuwa umelala kuelekea ziwani. Ulikuwa umenikohoza pale penye alama. Sasa ulikuwa umegeuka, ukielekea Bwegera, ukiliacha ziwa nyuma. Kila aliyezaliwa katika bonde hili anajua kwamba asubuhi upepo hushuka, na kwamba wa ziwani huamka mchana. Upepo ulikuwa umenisukuma mimi mgongoni, ukamkaba Ciza kifuani. Nasi hatukuufikiria, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kuamuliwa, bila neno, kwamba mkubwa hutangulia.

Nilikuwa na kitambaa mkononi; kuyafuta mawese mara moja kungetosha. Hakuna aliyenitazama.

"Injinia," nilisema, "jaribio hili ni batili."

Nilieleza. Injinia Bonaventure alikunja uso, akautazama moshi, akaamuru mabawa yote mawili yajaribiwe upya bila kupumzika, kwenda na kurudi, ili upepo usimpendelee mtu. Bawa la Ciza lilishinda kwenda. Lilishinda na kurudi.

Sabine alivua kofia ngumu akicheka. "Doyen, umejifunga goli weye mwenyewe! Na kipa hakukuwepo!"

Nilimvuta Ciza kando ya barabara.

"Ulijua?"

Alitazama viatu vyake. "Ndiyo, doyen."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipokuwa tunakula. Niliona moshi umegeuka."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini mbele ya bote? Weye ni doyen wangu. Nilipanga nikufuate kwako Rugenge mangaribi, tuongee wawili tu."

"Na kama ningekataa kusikia?"

Aliinua uso. "Ukatae? Weye?"

Aliuliza kwa mshangao wa kweli. Jambo hilo halikuwahi kupita akilini mwake. Nilikuwa nimejiambia kwamba, hata akishinda kwa bawa, angalau haki ingebaki kuwa yangu, kitu nilichokitoa mimi na ambacho yeye hakuwa nacho. Kumbe alikuwa ameniamini tangu mchana kwamba ningetenda haki, huku mimi nikisimama na kitambaa, nikijipima. Hata hapo alikuwa amenitangulia. Nilimwonea wivu kuliko wakati wowote.

"Doyen," alisema polepole, "kule Bujumbura weye utasema mbele ya majaji. Iko haki yako. Minye nitasimama nyuma, nibebe bawa."

Hakuwa akinibembeleza. Alikuwa akinipa, kwa mikono miwili, kitu kile kile nilichokitaka, na kwa kanuni ile ile niliyoilinda maisha yangu yote ningeweza kukipokea bila mtu kunilaumu. Ulimi uliniwasha kusema ndiyo.

"Aliyechora ndiye asemaye," nilijibu. "Utatangulia wewe."

"Doyen..."

"Sikukuomba maoni, petit. Nenda, wanakungoja."

Aliitika, akaenda. Walikuwa wamekwisha kulizunguka gari, kila mmoja akinyoosha mkono kuligusa bawa lake, na Sabine akiwafukuza wasichafuke mawese. Mimi nilikaa juu ya ukingo wa mfereji, bawa langu magotini, nikaanza kulifuta.