Namba za Bomba la Shamba Letu

Aibu ya Jumanne sijui nitaiweka wapi.

Nchi za ukanda wetu zimekubaliana mpunga usikae kwenye maji msimu mzima, maana tope lililofunikwa na maji hutoa hewa inayozidisha joto duniani. Kwa hiyo kila shamba la mfano hapa Tra Vinh, Vietnam, limezikiwa bomba la plastiki lenye matundu. Unachungulia ndani na rula: maji yakishuka sentimita kumi na tano chini ya udongo, unawasha pampu. Kupima ilikuwa kazi yangu, kila asubuhi kabla ya shule.

Mimi naogopa ruba, wale wanyonya damu wa topeni. Wiki ya pili tu nikaanza kujaza daftari la vipimo jikoni, huku nakula uji. Baba anasaini.

Jumanne wakaja wakulima kutoka Kambodia, wameletwa na Bwana Khoa wa ofisi ya kilimo. Sisi ni Wakhmer, lugha yetu na wageni ni moja. Bwana Khoa ndiye haambulii kitu. Mama mmoja, Phalla, akalipokea daftari langu kwa mikono miwili, akaanza kunakili.

"Mwandiko huu! Mwanangu angeandika hivi ningemchinjia bata."

"Huyo hakosi hata siku moja," Baba akasema, kifua mbele.

"Basi nitawasha pampu siku hizi hizi. Mwaka jana nilichelewesha maji, nusu ya shamba ikaungua. Majirani wakanicheka: Phalla kawalimia ng'ombe majani!"

Wote wakacheka. Mimi nikaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Shangazi, usinakili," nikasema. "Nilibuni. Sijapima mwezi mzima."

Kalamu yake ikasimama.

"Anasemaje?" Bwana Khoa akauliza. "Mbona mama ameacha kuandika?"

Nilitamani Baba adanganye. Hata kuliandika hilo naona haya. Akavua kofia, akamwambia kwa Kivietinamu, taratibu: "Anasema namba ni za uongo. Na sahihi zote ni zangu."

Bwana Khoa akatazama viatu vyake. Shangazi Phalla akazikata kwa kalamu kurasa tatu alizonakili, akakunja suruali.

"Rula iko wapi? Shuka, mwanangu, tukaone ukweli."

Nikaingia topeni, wote wananitazama. Bomba limejaa tope na konokono mpaka juu, maji hayaonekani hata tone. Nikatia mkono, nikaanza kuchota. Baba alikuwa kwenye tuta nyuma yangu. Sikuweza kugeuka nimtazame.