Madirisha ya Ghala la Mlabani

Fundi rangi Hermenegildi alikuwa na dharau ya kuwatosha watu wote wa Ifakara, na nyingine ikabaki ya kuvusha mto mpaka upande wa Mahenge. Aliwadharau maseremala kwa kupima kwa jicho, na waashi kwa kupima kwa kamba na bado wakakosea. Lakini masika ile ya mwaka hamsini na sita, aliyemdharau kuliko wote alikuwa Apolinari, msimamizi wa ghala jipya la mpunga la chama cha wakulima pale Mlabani.

Apolinari alivaa soksi ndefu nyeupe katikati ya matope. Mfukoni alichomeka kalamu mbili, moja haina wino. Ngazi ya mafundi aliipanda siku moja tu, akafika kipago cha nne, akashuka kwa makalio. Ila Kiingereza alikijua, na hakumruhusu mtu asahau.

Siku ya Jumanne lori lilileta makopo kumi na mawili ya rangi ya kwanza, ile ambayo mafundi huiita praima, ya kupaka kwenye mbao ili zisinywe maji wala wadudu wasipate pa kujificha. Hermenegildi alifungua kopo moja, akanusa kwa mbali, akalifunika upesi. Harufu hiyo aliijua tangu vita vya Hitler, alipokuwa akipaka malori ya jeshi Nairobi. Huko alimwona askari mwenzake akitolewa ndani ya tangi la maji alilokuwa akilipaka: amekufa, hana jeraha hata moja, brashi ingali mkononi.

"Hii ni kali, Bwana Msimamizi," alisema. "Madirisha yote yawe wazi, na mlango. Tufanye kazi kidogo, tutoke nje tupumue. Moto usisogezwe hapa, hata sigara. Matambara ya kufutia tuyaloweke kwenye ndoo."

Apolinari alicheka, akamtazama toka unyayo mpaka utosi. "Mzee Hermenegildi, unaogopa harufu? Jirani kuna mashine ya kukoboa. Nikifungua madirisha, pumba zote zitanata kwenye rangi. Jumamosi Bwana Shauri, mkuu wa wilaya mwenyewe, anakuja kufungua ghala. Unataka apapase ukuta akute manyoya?"

"Kwenye kopo pameandikwa nini?"

Apolinari aliinua kopo, akasoma kwa sauti jina la rangi na mji ilikotengenezwa, akiviringisha ulimi kana kwamba anahubiri. Yale maandishi madogo ya chini aliyapita. "Pameandikwa ni rangi nzuri," alisema.

"Sawa, Bwana Msimamizi," alijibu Hermenegildi, na neno hilo 'Bwana' alilitamka kama mtu anayetema kokwa.

Madirisha yakafungwa. Apolinari akagawa vitambaa vya kufunga puani. Hermenegildi alikipokea chake kwa vidole viwili. Kitambaa huzuia vumbi. Mvuke wa dawa ile hupita kama vile hakuna kitu. Hilo nalo alilijua, na hilo nalo hakulisema. Alichagua ukuta wa karibu na mlango. Ukuta wa ndani kabisa ukawa fungu la Evaristo, shemeji yake, mume wa mdogo wake Brigita, mtu mpole asiyejua kukataa.

Kabla ya saa sita siku ya Jumatano, Evaristo alianza kuimba. Kisha akacheka peke yake, akapaka mahali pamoja mara nne. Hermenegildi alipomgusa bega aligeuka na macho mekundu, akasema ukuta unaelea. Alimkokota mpaka nje, akamketisha kwenye upepo. Evaristo akatapika, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Wamekunywa pombe hawa!" Apolinari alipiga kelele. "Saa za kazi!"

Hermenegildi alimtazama zile soksi, akaona hakuna haja ya kumjibu. Kumweleza mtu kama huyu, aliwaza, ni kupoteza mate. Acha aendelee. Siku moja ataumbuka, na mimi nitakuwepo.

Ijumaa asubuhi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, mto Lumemo umejaa, hewa nzito. Evaristo alikuwa amerudi kazini, na mkono wa pili wa rangi ulikuwa bado unanata. Apolinari alizunguka ghala akibonyeza ukuta kwa kidole na kujifuta. Mwisho akatoka, akarudi na jiko la mkaa alilolichukua kwa mwanamke muuza chakula, limekolea vizuri, amelishika kwa gunia.

"Tutaikausha," alisema. "Evaristo, sogeza makopo, nipate nafasi katikati."

"Moto na dawa hii havikai chumba kimoja," alisema Hermenegildi.

"Mimi ndiye niliyesoma, au wewe?"

Basi. Hermenegildi aliweka brashi chini taratibu, akafuta mikono, akatoka. Alisimama barazani kwa mashine ya kukoboa, kama hatua thelathini hivi, akakunja mikono kifuani. Kwa kweli alikuwa na furaha. Alitaka kuona. Alipopita mlangoni alikuwa ameita mara moja tu: "Evaristo, toka."

"Nakuja, shemeji. Namalizia makopo haya."

Hakuita tena.

Apolinari hakufika hata katikati. Mvuke wa praima ni mzito kuliko hewa; hulala chini, hujaa sakafuni, na pale kizingitini ulikuwa umemngoja. Hermenegildi aliona mwali wa buluu ukitambaa chini kama maji yaliyomwagika, ukipita katikati ya miguu ya Apolinari na kuingia ndani. Halafu ghala likavuta pumzi, likatoa mshindo. Madirisha yaliyofungwa yalifunguka yote kwa pamoja.

Apolinari alitupwa nje, akaanguka matopeni akipiga mayowe. Hermenegildi alimruka kama gogo. Alinyakua gunia lililolowa mvua, akajifunika kichwa, akaingia. Evaristo alikuwa amepiga magoti penye makopo, mikono yake inawaka. Alimfunika kwa gunia, akamviringisha, akamburuta mpaka nje. Mtu wa mashine alikuja na ndoo ya maji akataka kuimwaga ndani.

"Si maji!" Hermenegildi alifoka. "Yatausambaza! Mchanga! Leteni mchanga!"

Maji yale aliyachukua yeye, akammwagia Evaristo mikononi, ndoo baada ya ndoo, mpaka walipopata baiskeli ya kumpeleka hospitali.

Jumamosi Bwana Shauri alikuja, akakuta mbao nyeusi. Apolinari hakuwa na nyusi wala nusu ya masharubu, lakini ulimi ulisalimika. Alieleza kwamba mzee alikuwa akivuta sigara. Hermenegildi alichukua kopo lililonusurika, akampa karani wa Bwana Shauri, akamwomba asome maandishi madogo, kwa Kiswahili, kila mtu asikie. Karani akasoma: mahali pawe na hewa nyingi, moto usisogezwe, mvuke wake usivutwe. Watu wakamgeukia Apolinari. Hermenegildi alikuwa ameingoja saa hiyo siku nne nzima, akaionja polepole. Hukumu ikawa kumhamisha Apolinari, akasimamie ghala jingine Sanje. Hata adhabu yenyewe ilikuwa ya kudharauliwa.

Jioni alikwenda hospitali. Brigita alikuwa ameketi kando ya kitanda, bakuli la uji mapajani. Evaristo alikuwa amelala, mikono imefungwa bendeji mpaka viwikoni.

"Pole, dada yangu. Nilimwambia yule mpumbavu. Nilimwambia mara mbili."

Brigita alikoroga uji kwanza. "Shikamoo, kaka," alisema bila kuinua uso. "Ulimwambia ili asikie, au ulimwambia ili uwe umesema?"

Hermenegildi alisogeza kigoda, akaketi.

"Mume wangu ulimwita mara ngapi?"

"Mara moja."

Ndipo alipomwinulia macho. Hermenegildi aliyatambua macho yale. Ndivyo yeye mwenyewe alivyowatazama watu maisha yake yote.

Evaristo alipona, ila vidole viligoma kukunjika. Brashi hakuishika tena. Alirudi kwenye shamba lake la mpunga, na msimu ule Hermenegildi alimlimia jaruba lake lote, Brigita akimletea chakula bila maneno mengi.

Kabla ya mavuno, Hermenegildi alisikia kwamba makopo ya praima yamefika Sanje. Alipanda lori, akatikiswa njia nzima kwenye mashimo, huku akiyapanga maneno: atayasema mara kumi, atashika miguu ya mafundi ikibidi.

Alikuta madirisha yako wazi, na mlango umeng'olewa kabisa. Nje, Apolinari alikuwa amewasimamisha mafundi mstari mmoja, soksi nyeupe, masharubu yameota nusu.

"Dawa hii si ya mchezo!" alikuwa akisema. "Mvuke wake hulala chini! Matambara kwenye ndoo! Mimi mambo haya niliyagundua Mlabani, wazee wa kule hawakujua kitu!"

Akamwona Hermenegildi, akazivuta soksi zake juu.

Dharau ilimpanda Hermenegildi mpaka kooni, nzima, haijapungua hata kidogo. Kisha akawageukia mafundi.

"Msikilizeni," alisema. "Anasema kweli."

Akaomba maji ya kunywa, akaenda barabarani kungoja lori la kurudi.