Mzee Hashimu Alivyofia Kwenye Simu

Shadia alimuua Mzee Hashimu siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, akiwa amekaa kwenye cherehani yake mjini Kibondo na pini mbili mdomoni. Hakutumia kisu wala sumu. Alitumia maneno mawili tu: "Mzee amefariki." Kisha akakata simu, akaendelea kupinda gauni la watu. Mzee mwenyewe wakati huo alikuwa Kasulu, mzima wa afya, pengine anakunywa uji.

Tusimhukumu haraka, maana mwanamke huyu alikuwa amevumilia sana. Miaka mitatu alipanga chumba cha mbele kwa Mzee Hashimu, na kama mwenye nyumba, mzee hakuwa na baya. Hakuwa na makelele, hakuwafungia watu maji, hakuwachungulia wageni wao. Kasoro yake ilikuwa moja: hakuwa na simu. Aliyokuwa nayo ilimtumbukia chooni, naye akaapa mbele ya majirani kwamba hanunui nyingine, kwa sababu kitu kinachotoka mfukoni kwenda chooni bila ruhusa hakina adabu. Basi akamwomba mpangaji wake namba. Shadia akatoa, mzee wa watu utamnyimaje? Asubuhi iliyofuata akaikuta ukutani, upande wa barabarani, kwa rangi nyekundu, tarakimu kubwa kama za kwenye lori: VYUMBA VINAPANGISHWA, PIGA.

Alipokuwa akiishi pale haikumsumbua. Simu ikilia, anaita dirishani, "Mzee, simu yako!" na mzee anakuja, anaipokea kwa mikono miwili, anapiga kelele kana kwamba anayeongea naye yuko ng'ambo ya mpaka. Shida ilianza Shadia alipohamia Kibondo na kufungua chumba cha ushonaji karibu na soko. Yeye alihama, namba ikabaki ukutani. Watu wakaendelea kupiga. Huyu anatafuta chumba chenye choo cha ndani, yule ni mwalimu aliyehamishwa, mwingine ni mpwa wa mzee kutoka Munanila anataka kutoa taarifa kwamba mkewe amejifungua mapacha. Siku moja mtu alimpigia akiwa amesimama na mikungu ya ndizi mlangoni kwa mzee, anauliza aishushe wapi.

"Mwite basi mzee," walimwambia, kana kwamba mzee amekaa chini ya cherehani.

Kubadili namba asingeweza. Ilikuwa kwenye kibao chake, na mabibi harusi kutoka Kitahana mpaka Kakonko walikuwa wameihifadhi kwa jina la Fundi Shadia. Kwa hiyo akatuma ujumbe kwa Swaumu, jirani yake wa zamani pale Kasulu: mwambie mzee afute namba yangu. Mara ya kwanza jibu likaja, "Ego, ndiyo, amekubali." Mara ya pili, "Ego, atafuta." Mara ya tatu Swaumu mwenyewe alikasirika. "Mwenzangu, nimempelekea mpaka chokaa na brashi. Chokaa kapokea. Brashi kanirudishia."

Ndipo Jumatatu ile, mtu wa nne kupiga kabla ya chai alipouliza kama mzee ana chumba, uongo ukamtoka Shadia wenyewe, bila kupangwa. Na ulifanya kazi! Yule mtu alisema pole sana, akakata, hakupiga tena. Shadia alitoa pini mdomoni, akatabasamu peke yake.

Lakini alikuwa amesahau jambo ambalo hata mtoto wa hapa kwetu analijua. Kwetu kifo hakimalizi mazungumzo, kinayaanzisha. Mchana wa siku hiyo alipiga mtu wa Kitanga aliyewahi kufanya biashara ya maharage na mzee, na alipopewa zile habari hakukata. Alikuwa anaumwa nini? Aliumwa siku ngapi? Maziko lini? Nani anasimamia msiba? Shadia, akitokwa jasho, alimpa mzee ugonjwa wa presha, akampa siku mbili za kuugua, akampangia maziko yake Jumatano baada ya swala ya alasiri. Mtu wa Kitanga akasema maziko hatayawahi, ila Ijumaa ya wiki itakayofuata atakuja kutoa pole na mbuzi wake. Shadia alibaki anamfikiria yule mbuzi.

Jumanne asubuhi alikuwa ameshajifunza. Akipiga mtu, mpe yote kwa mkupuo, kisha kata.

Aliyepiga alikuwa mwanamke. Alikohoa kidogo kwanza, akanyamaza, akakohoa tena. "Naomba kuongea na Mzee Hashimu," akasema.

"Mzee amefariki, dada. Presha. Maziko kesho baada ya alasiri. Poleni sana."

Yule mwanamke akasema neno moja, si kwa Shadia, wala si kwa mtu yeyote aliyekuwa pale.

"Baba."

Simu ikakatika.

Miaka mitatu Shadia alikaa kwenye nyumba ile na hakuwahi kusikia mzee akitaja mtoto. Akapiga ile namba. Haipatikani. Akapiga tena na tena, mara tano, haipatikani. Akampigia Swaumu, akauliza kama mzee ana mtoto.

"Anaye," Swaumu akasema baada ya kusitasita. "Binti mmoja tu, Siti. Yuko Kahama. Aliolewa na Emile, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Mkristo. Siku alipoondoka mzee alisimama hapa barabarani akamwambia, hata nikifa usije kunizika. Mtaa mzima ulisikia. Huu mwaka wa nane sasa. Kwa nini unauliza?"

Shadia akamwambia. Swaumu hakucheka, ingawa ni mtu wa kucheka. Alisema tu, "Mama yangu wee," kisha akasema, "Atakuja. Alivyo yule, atakuja."

Na mtu anayetoka Kahama kwenda Kasulu hana njia nyingine, lazima apite Kibondo.

Jumatano Shadia hakufungua chumba cha ushonaji. Saa tatu alikuwa stendi. Alikuwa amekwishajihukumu vya kutosha, sasa alitaka jambo moja tu: binti yule asifike kwenye mlango wa baba yake akilia kilio cha maiti, mzee akatoka ndani akamkuta anamlilia yeye mwenyewe. Kila basi lililoingia kutoka upande wa Nyakanazi alilisogelea, akachungulia madirishani. Basi la kwanza hakuna. La pili hakuna. Kwenye la tatu, kiti cha nyuma ya dereva, alikuwepo mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa baibui, kanga ameifunga kiunoni juu yake kama wanavyofunga wafiwa, macho yamevimba.

"Dada Siti?"

Mwanamke akageuka.

"Naomba ushuke kidogo. Mimi ndiye niliyepokea simu jana."

Alishuka na begi lake, akidhani ni jamaa wa mzee aliyetumwa kumpokea. Shadia alikuwa ameandaa maneno mengi tangu alfajiri, lakini yalipohitajika hakuyaona. "Baba yako ni mzima," akasema. "Nilidanganya. Watu walikuwa wananisumbua kwa simu zake, nikachoka, nikasema amekufa. Sikujua ana mtoto. Nisamehe, dada yangu."

Siti alimtazama kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua. Halafu akakalia begi lake pale pale stendi, akafunika uso kwa ncha ya kanga, na mabega yakawa yanatikisika. Shadia hakujua kama analia au anacheka. Alipofunua uso, ilionekana alikuwa akifanya yote mawili.

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha akanyanyuka, akachukua begi. "Basi la kurudi Kahama linaondoka saa ngapi?"

"Kurudi? Si unaenda kwa mzee?"

"Nilikuwa naenda kwenye maziko. Maiti hasemi kitu. Ningesimama nyuma ya watu, ningelia, ningeondoka. Sasa mzima nitamwambia nini? Na yeye akisema tena yale maneno?"

Shadia alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kupigwa kofi. Hakujiandaa kwa hili. Kondakta alikuwa ameanza kupiga kelele za Kasulu, Kasulu, tunaondoka. Shadia akauliza swali la kwanza lililomjia, ili tu yule mwanamke asiende.

"Namba yangu uliipata wapi?"

"Alinitumia yeye." Siti alitazama chini. "Mwaka juzi. Muuza dagaa mmoja alifika Kahama, akanipa kipande cha boksi. Hakuna salamu, hakuna jina, namba tu. Lakini ile saba yake ninaijua, huwa anaikata katikati kwa mstari. Nilijua ni simu yake. Nimekaa nayo, kila siku naogopa. Kupiga simu kunataka vocha na kunataka moyo, na kwangu havikai pamoja. Jana vilikaa."

Shadia akaikumbuka ile brashi. Mara tatu mzee aliombwa na mara tatu hakufuta, na yeye alimwita kila jina: mkaidi, msahaulifu, mzee asiyejali watu. Kumbe mzee hakuwa na namna nyingine ya kupatikana na mwanawe duniani ila ile namba, na kuifuta ukutani kungekuwa kukubali kwamba si yake tena, na asingeweza kumweleza mtu kwa sababu mtaa mzima ulimsikia siku ile.

"Dada," akasema, na sauti ilimtoka kwa ukali, kwa sababu alikuwa anajikasirikia mwenyewe. "Nimemwomba afute namba hiyo ukutani kwake, kakataa. Nimemtumia mpaka chokaa. Unajua kwa nini kakataa? Mimi ndiyo kwanza najua sasa hivi. Panda basi. Akikufukuza nitarudi na wewe, na nauli yako ya Kahama juu yangu."

Siti alisimama na begi lake mpaka kondakta alipogonga ubavu wa basi. Ndipo akapanda. Shadia akapanda nyuma yake.

Njiani, walipofika Makere, pale njia ya kambini inapochepuka, Siti aligeuza uso akaitazama njia ile mpaka ikapotea, kisha akasema kwamba Emile amempikia uji wa safari na watoto wameachwa kwa mama mkwe. Shadia akasema vizuri. Alitamani safari iwe fupi, na alitamani isifike.

Mzee Hashimu alikuwa barazani, amekaa mkekani, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amepungua tangu Shadia ahame, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja. Aliona kwanza miguu yao. Akainua kichwa, akamwona Shadia, akataka kumwitikia shikamoo yake. Halafu akamwona aliyekuwa nyuma. Mkono wake ulibaki ndani ya maharage.

Alimtazama binti yake kutoka usoni mpaka kwenye ile kanga ya kiunoni. Alitazama macho yaliyovimba. Miaka minane, na jambo la kwanza alilomwuliza lilikuwa lile ambalo mzee yeyote angeuliza akiona vazi hilo.

"Nani amekufa?"

"Wewe, baba," Siti akasema.

Shadia akapiga magoti pale pale, akasema yote, tangu mtu wa kwanza wa Jumatatu mpaka stendi ya Kibondo, hakujipunguzia hata kidogo. Hata mbuzi wa Kitanga alimtaja. Alipomaliza, alisubiri karipio. Mzee hakumtazama. Hakuonekana hata kama alikuwa amemsikiliza yeye. Alikuwa anamtazama Siti, ambaye bado alikuwa amesimama nje ya mkeka na viatu vyake, kama mgeni ambaye hajakaribishwa.

"Kwa hiyo uliambiwa nimekufa," mzee akasema.

"Ndiyo, baba."

"Jana."

"Jana saa tatu."

"Na mimi nilikukataza usije kunizika."

"Ulinikataza."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu wote, baba."

Mzee Hashimu aliweka ungo pembeni. Ulikaa vibaya, maharage yakamwagika mkekani, hakuyajali.

"Na ukaja," akasema.

"Nikaja."

Basi mzee akalia, mchana kweupe, watu wakipita barabarani na baiskeli zao, na hakujifunika uso.